Kumtoa dada wa Kijapani kwenye dashibodi ya Wish

Kila aliyewahi kuagiza gari la mtumba kutoka Japani anamjua yule dada. Unazungusha ufunguo, injini haijatulia vizuri, naye tayari anakujulisha kwa adabu zote kwamba kadi ya ETC haijawekwa. ETC ni mfumo wao wa kulipia barabara za kasi bila kusimama getini. Huku kwetu kadi hiyo hata ungeipata ungeipeleka wapi? Akimaliza yeye inaamka skrini, inaandika Kijapani kwamba inataka kadi yake ya ramani, na haitoki hapo. Toyota Wish yangu ya mwaka 2010 ilishuka bandarini ikiwa hivyohivyo, na kwa kweli nilishamzoea, kama mpangaji asiye na makuu.

Kilichonishinda ni redio. FM ya Japani ilipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90, na miaka ya karibuni wameisogeza hadi 95. Ya kwetu inaanza 87.5 na kwenda hadi 108. Kipande tunachokutana nao ni kidogo sana. Clouds kwenye 88.5 unaipata, Wasafi kwenye 88.9 unaipata, lakini EFM 93.7 kwa redio ya umri wa ile yangu haipo, Times 100.5 haipo, na mama mkwe akipanda gari Jumapili asubuhi anataka Upendo, 107.7. Ukimwambia mama mkwe kwamba gari halina Upendo, na ni gari la milioni kumi na kitu, anakutazama tu.

Wengi wanatatua jambo hili kwa kile kidude kinachochomekwa kwenye waya wa antena ili kushusha masafa. Kinafanya kazi, siwezi kukikashifu. Ila namba zote zinakuwa za kukokotoa: kikiwa kinashusha kwa 20, Times ya 100.5 unaikuta 80.5, na stesheni mbili za karibu wakati mwingine zinapandana. Nilikaa nacho, mama mkwe akapata kwaya zake, lakini kila mtu mwingine akigusa redio ananiuliza Clouds iko wapi.

Basi nikaamua kung'oa chote na kuweka skrini ya Android ya inchi 9, na kuifunga mwenyewe. Kazi yangu ni ufundi wa vifaa tiba. Kutwa nafungua pampu za dripu, mashine za kupimia moyo, mizani za watoto wachanga. Mita ninayo kwenye mkoba kama wengine walivyo na kioo na lipstiki. Dashibodi ya gari haikuwa kitu cha kunitisha. Kilichonitisha ni Kariakoo.

Muuzaji wa kwanza alinipokea vizuri: "Dada yangu, hii ni nne kwa sitini na nne, Android kumi na tatu, mpya kabisa." Anamaanisha RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Nikamwomba aiwashe. Ukienda kwenye mipangilio, kweli imeandikwa 13. Lakini mipangilio ni maandishi tu, kiwanda kinaweza kuandika chochote. Nilikuwa na flashi yenye programu ya kusoma vifaa vya ndani, nikaipachika pale pale dukani. Ikaleta chipu AC8227L na API 27. API 27 ni Android 8.1, haina mjadala. Na chipu ile ina kori nne, yaani vichakataji vinne vya ndani, za Cortex-A7, muundo uliotangazwa mwaka 2011. Simu ya kijana anayeuza maji ya kandoro nje ya duka ina nguvu kuliko hiyo. Simlaumu sana muuzaji, maana kaletewa boksi limeandikwa hivyo, naye anasoma boksi. Ila nawe mnunuzi usisome boksi. Nenda na flashi yako, na asiyetaka uichomeke amekwishakujibu.

Niliyochukua mwishoni ina chipu ya Unisoc UIS7862, kori nane, mbili kati yake ni Cortex-A75. Bei ikawa karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Tofauti unaiona sehemu moja muhimu kuliko zote: unapoweka rivasi. Skrini dhaifu inafikiria kwanza, picha ya nyuma inakuja wakati ndoo ya jirani imeshalala.

Jambo la pili ni kioo chenyewe. Kuna vioo vya IPS na vya TN. Cha TN ukikitazama kwa mbele ni kizuri tu, ukisogea pembeni rangi zinageuka na weusi unakuwa kijivu. Sasa kwenye gari nani anatazama skrini kwa mbele? Dereva yuko kulia, abiria yuko kushoto, katikati hayupo mtu. Kwa hiyo usiipime skrini ikiwa imesimamishwa usoni kwako. Iweke mezani, sogea upande wa kulia, tazama. Ukiweza itoe nje ya duka kwenye jua. Mwanga wa dukani unaficha mengi.

Na hili nalo watu wengi hawaliulizi. Fremu nyingi za skrini hizi zimetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, ambako dereva anakaa kushoto. Vitufe vya sauti, nyumbani na kuzima vimepangwa upande wa kushoto, karibu na dereva wao. Kwetu vinaangukia upande wa abiria. Ukitaka kupunguza sauti trafiki akikusimamisha, unanyoosha mkono mpaka mapajani kwa shemeji yako. Ipo fremu ya upande wetu, omba hiyo. Mimi nilisubiri iletwe kutoka stoo, na kuna mteja mwingine pale aliniona nina maringo.

Fremu ina sababu nyingine pia. Tundu la redio kwenye Toyota za Kijapani lina upana wa milimita 200 kwa kimo cha 100. Kipimo cha kawaida cha dunia ni milimita 180 hivi kwa 100. Redio ya kawaida ukiitia humo inabaki na uwazi pembeni, ndiyo unaona magari yamezibwa kwa vipande vya plastiki visivyofanana na dashibodi. Skrini ya inchi 9 haiingii kwenye tundu kabisa, inakaa juu ya fremu iliyochongwa kwa gari husika. Taja gari, mwaka na hata toleo. Wish ya 2003 na ya 2010 ni magari mawili tofauti pale katikati.

Nje ya duka alikuwapo kijana mwenye koleo na tepu nyeusi. "Mama, nipe dakika ishirini tu, elfu thelathini, unaondoka unasikiliza." Sina shaka angemaliza kwa dakika hizo. Anakata soketi za gari, anasokota waya kwa waya, anafunga tepu. Na ndiyo maana nilimshukuru nikaondoka. Soketi ya Toyota ikishakatwa, kila redio itakayokuja baadaye itasokotwa, na kila fundi atakayefuata atakuta kichaka cha waya asichojua chanzo chake. Upo waya maalumu wa kuunganishia, upande mmoja una soketi za Toyota na mwingine una soketi ya skrini. Bei yake ni ya chakula cha mchana cha watu wawili. Mara nyingi umo ndani ya boksi, na mara nyingi ndio wa kwanza kutolewa.

Sasa tuje kwenye rangi, maana hapa ndipo redio nyingi zinapofia.

Nyuma ya redio ya Toyota kuna soketi mbili kuu, ya pini 10 na ya pini 6. Kwenye gari langu, soketi ya pini 10 ina waya wa buluu wenye mstari wa njano, huo ni moto wa kudumu kutoka kwenye betri. Wa kijivu ni moto unaokuja ukizungusha ufunguo. Wa kahawia ni erthi. Wa kijani unapata moto ukiwasha taa, ili redio ijue ni usiku ipunguze mwanga. Nne nyingine ni spika za mbele. Ya pini 6 ni spika za nyuma: nyekundu na nyeupe upande wa kulia, nyeusi na njano upande wa kushoto.

Geukia skrini. Hapo njano ndiyo moto wa kudumu, nyekundu ni moto wa ufunguo, nyeusi ni erthi. Kijivu ni spika ya mbele kulia. Kijani ni spika ya nyuma kushoto.

Umeona mtego? Mtu anayeunganisha rangi kwa rangi anachukua kijivu cha gari, chenye volti 12, anakifunga kwenye kijivu cha skrini, ambacho ni mdomo wa kikuza sauti. Kijani ni kibaya zaidi kwa sababu kinasubiri. Mchana kutwa redio inapiga, mteja amelipa, fundi kaondoka. Jioni kwenye foleni ya Kimara unawasha taa, volti 12 zinaingia kwenye spika ya nyuma kushoto, na hapo ndipo tunaanza kusema redio za Kichina hazidumu.

Kazini kwetu somo hili tunalipata mapema. Mashine ya zamani kutoka Uingereza ina nyekundu kama moto na nyeusi kama nyutro, iliyoletwa baadaye kutoka huko huko ina kahawia na buluu, na zote mbili zinaweza kuwa wodi moja. Kwa hiyo mimi rangi huwa naiuliza mita. Sindano nyeusi kwenye chuma cha bodi, nyekundu kwenye pini. Ufunguo umetoka na bado kuna volti 12, huo ni wa kudumu. Zungusha ufunguo hatua ya kwanza, uliojitokeza ni wa ufunguo. Washa taa, uliojitokeza ni wa taa. Spika unazijua kwa kupima ukinzani: waya mbili za spika moja zitakupa omu chache tu, kama 4. Rangi nilizotaja ni za gari langu na utazikuta kwenye Toyota nyingi, lakini la kwako lipime.

Kuna soketi ndogo ya pini 5 ambayo mafundi wengi wanaipita. Kwenye Toyota za Kijapani hiyo inaleta taarifa za mwendo, rivasi na hendibreki hadi nyuma ya redio. Maana yake huna haja ya kuvuta waya kutoka taa ya nyuma ili skrini ijue umeweka rivasi. Ishara imeshakufuata ulipo.

Kufungua dashibodi hakuna mengi. Nilitoa hasi ya betri, nikatumia kijiti cha plastiki badala ya bisibisi, maana plastiki ya umri huu imekauka na klipu zake zinapasuka kwa kelele inayouma moyo. Fremu ikatoka, nikachomoa soketi ya hazadi, bolti nne za spana namba 10, na redio ya Kijapani ikatoka nzima na mabano yake. Ni nzito ajabu. Ile ya Android ni nyepesi na nyembamba, kwa hiyo nyuma yake linabaki pango. Pango hilo ni neema kwa kupanga waya na laana kwa kelele. Barabara yetu ya Goba ina mawimbi, kila soketi iliyolegea ingegonga. Nilizifunga zote kwa tepu ya kitambaa, ile yenye manyoya wanayotumia hata viwandani. Tepu nyeusi ya fundi umeme usiitumie ndani ya dashibodi. Gari likishinda juani Dar, gundi inayeyuka, tepu inateleza, inaacha utelezi mweusi na waya uchi.

Antena ina kikuza mawimbi chake kinachohitaji volti 12 kupitia waya wa buluu wa skrini. Usipoufunga, redio inashika stesheni za karibu tu na utasema skrini ni mbovu. Kisha kwenye mipangilio ya redio chagua eneo la Ulaya. Ukiiacha Marekani inaruka hatua za 0.2, kwa hiyo stesheni zinazoishia na namba shufwa huzipati, na ukiiacha Japani umerudi ulikotoka.

Kamera ya nyuma niliyoikuta ni ya Toyota yenyewe, na picha yake ni nzuri kuliko nyingi zinazouzwa. Lakini kamera za kiwandani za Toyota zinatumia volti 6, siyo 12. Zimeuliwa kamera nyingi kwa kutolijua hilo, halafu mteja anauziwa nyingine. Niliweka kipunguza volti kidogo katikati, nikapima inatoa 6, ndipo nikaunganisha. Waya wa picha wenyewe ulikuwa tayari nyuma ya redio, kwa hiyo sikufungua hata mlango wa buti.

Vitufe vya usukani vilinichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Ndani yake ni vikinza tu, kila kitufe kina thamani yake, na vyote vinapita kwenye waya mbili na erthi. Skrini ina waya za Key1 na Key2. Unaunganisha, unaingia kwenye mipangilio, unabonyeza kitufe cha usukani, unaiambia hiki ni cha kuongeza sauti. Inakumbuka.

Nikarudisha betri, nikazungusha ufunguo, skrini ikawaka kwa Kiswahili. Na dada akasema kadi ya ETC haijawekwa.

Baba Neema alicheka mpaka akakaa chini. Kifaa cha ETC hakimo ndani ya redio, ni kiboksi tofauti chenye umeme wake na spika yake ndogo. Changu kilikuwa chini ya dashibodi upande wa goti la dereva, kimebandikwa kwa gundi ya pande mbili. Chomoa soketi yake, basi. Huhitaji kununua skrini kwa ajili hiyo. Kama sauti tu ndiyo inayokukera, okoa laki zako.

Kabla ya kufunga fremu kwa mara ya mwisho nilipima umeme unaoliwa gari likiwa limezimwa. Unatoa hasi ya betri, unaweka mita ya ampea kati ya terminali na waya, unafunga milango, unasubiri vitu vyote vilale, na usijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo. Chini ya miliampea 50 ni salama. Skrini isiyolala vizuri inaweza kula 200, na hesabu yake ni rahisi: karibu ampea-saa 5 kwa siku. Betri ya 45 ikiachwa nyumbani wakati mmesafiri kwenda Moshi kwa wiki moja, mkirudi mnaomba jirani awashushie waya. Yangu ilitulia kwenye ishirini na kitu.

Limebaki moja ambalo limenipa ugomvi nyumbani. Skrini ina waya wa hendibreki, ambao unazuia video isichezwe gari likitembea. Mafundi wote wanaufunga kwenye erthi moja kwa moja, ili skrini idhani breki imevutwa muda wote. Mimi niliufunga panapostahili. Neema anasema skrini kubwa ya nini kama katuni haziangaliwi, na baba yake anamuunga mkono kimyakimya wakati wa mechi. Ramani zinafanya kazi, na za Dar na Morogoro nimeshazipakua zisile bando. Video watasubiri tufike.

Sasa shemeji naye anataka ya inchi 10 kwenye Noah yake ya 2005, ameshaniletea pesa na haraka. Nimemwambia kabla sijaenda dukani anitumie picha mbili, ya dashibodi yote na ya soketi za nyuma ya redio. Amenitumia picha ya Noah kwa nje, imeoshwa, inang'aa.